Wasiwasi Unaokutenza Nguvu: Mazoea Yanaishia Wapi, Ugonjwa Unaanzia Wapi

Mama yangu mdogo alikuwa akitia udhu kwenye bomba la uani, nyumbani kwetu Tanga, na sisi watoto tulijua kwamba ikiadhiniwa alasiri yeye ndiye wa kwanza kwenda bombani na wa mwisho kuondoka. Ananawa uso, ananawa mikono mpaka viwikoni, anapaka maji kichwani, anafika miguuni, halafu anasimama kidogo kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Kisha anarudi mwanzo. Mara ya tatu, ya nne, ya saba. Wanaume wanarudi kutoka msikitini wanamkuta palepale, maji yanatiririka, kanga imelowa mpaka magotini. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imechanika kwenye maungio, na akimenya ndimu alikuwa akiuma meno kwa maumivu.

"Ana wasiwasi huyu," watu wazima walisema, yakaishia hapo. Wapo waliomsifu kwa ucha Mungu, wapo waliomcheka. Hakuna aliyesema anaumwa, na yeye mwenyewe hakusema. Miaka mingi baadaye nilimuuliza alikuwa akisikiliza nini pale bombani. Akaniambia: "Nilikuwa nangoja moyo uniambie basi. Hauniambii."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya.

Siku hizi kijana anapiga picha viatu vyake vilivyopangwa kwa rangi, anaandika chini yake kwamba ana OCD, ule ugonjwa wa mawazo yanayorudi bila kutakiwa na vitendo visivyoachika. Mwingine halali mpaka aone mlango wa kabati umefungwa, naye anajipa jina hilohilo. Sina ugomvi na mtu anayependa vitu vyake vikae sawa. Lakini jina la ugonjwa likigeuka kuwa jina la unadhifu, anayeumwa kweli anakosa neno la kujielezea: akisema "nina OCD" anajibiwa "hata mimi," na mazungumzo yamekwisha. Na upande wa pili wako watu wenye mazoea ya kawaida kabisa, waliosoma kitu kwenye simu usiku wa manane, na sasa wanahesabu mara walizotingisha kufuli na kuogopa kwamba akili inaharibika. Wote hao wanahitaji mpaka uwekwe mahali pake.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna kazi ya ziada hapa, kwa sababu neno letu wasiwasi limebeba mizigo mitatu. Mzazi ana wasiwasi wa ada ya Januari: huo una sababu, na ada ikilipwa unaondoka. Upo wasiwasi wa kidini, ule mnong'ono wa shetani anayemtia mja shaka, unaotajwa katika Suratun Naas. Halafu upo wasiwasi wa mama mdogo, ambao hauondoki udhu ukirudiwa mara saba wala mara sabini. Waarabu, ambao ndio tuliolichukua neno kwao, huuita huu wa tatu al-waswas al-qahri, yaani wasiwasi wa kutenza nguvu, na madaktari wao hulitumia jina hilo kwa ugonjwa ambao Waingereza wanaufupisha OCD. Mimi naona ni jina zuri kuliko la Kiingereza, kwa sababu linasema nani ana nguvu juu ya nani.

Wala si ugonjwa wa kisasa. Abu Zayd al-Balkhi, mwanazuoni aliyefariki mwaka 934, aliyagawa maradhi ya nafsi mafungu manne: hasira, huzuni, hofu na wasiwasi. Aliona kwamba wasiwasi ni kitu mbali na hofu. Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kilifika hapohapo mwaka 2013, kilipoutoa ugonjwa huu katika kundi la magonjwa ya hofu na kuupa kundi lake.

Kitendo kinachodai

Ugonjwa huu huwa na vitu viwili vinavyokwenda pamoja. Cha kwanza ni wazo, picha au msukumo unaoingia kichwani bila hodi, usiotakiwa, na ukifukuzwa unarudi. Cha pili ni kitendo cha kulituliza wazo hilo: kunawa, kukagua, kuhesabu, kupanga, kuuliza, kurudia dua. Kitendo chenyewe kinaweza kufanyika kichwani tu. Mtu amekaa kwenye daladala, ametulia, jirani yake haoni lolote, kumbe anarudia neno fulani kimoyomoyo mara 33 ili mama yake asife, na kondakta akimkatiza kwa kudai nauli inabidi aanze upya. Akimaliza anapata nafuu. Nafuu hiyo inadumu dakika chache, wazo linarudi, na safari hii linataka zaidi.

Madaktari huangalia kama mambo hayo yanakula zaidi ya saa moja kwa siku, au yanamtesa mtu sana, au yanamkwamisha kazini, shuleni au katika ndoa yake. Tafiti za nchi nyingi huweka wagonjwa kati ya mtu mmoja na watatu katika kila watu 100. Kwa wengi huanza utotoni au ujanani; kuanza baada ya miaka 35 ni nadra. Na angalia kwamba usafi haukutajwa kama sharti. Wako wagonjwa wa OCD ambao vyumba vyao ni vurugu tupu, kwa sababu wasiwasi wao uko kwenye kufuli, au kwenye nia ya swala, au kwenye swali la kama waligonga mtu barabarani bila kujua.

Sasa weka mazoea kando ya hayo. Jirani yangu ni fundi cherehani. Asubuhi haanzi kushona mpaka akunje kitambaa cha kufutia mashine mara nne na kukiweka kona ya kulia ya meza. Ukikigusa anakirudisha. Ukimuuliza anatabasamu: ndivyo anavyopenda, mikono yake inaanza kazi vizuri. Siku moja umeme ulikuwa umekatika usiku kucha, ukarudi saa mbili asubuhi, na mteja wa nguo za harusi yuko mlangoni tangu alfajiri. Fundi alikaa akashona. Kitambaa kilikuwa sakafuni, na jioni hakukumbuka kwamba hakukikunja.

Alichokiacha hakikumdai. Hapo ndipo mpaka ulipo, kwa maoni yangu, na ndiyo maana kuuliza "unafanya nini?" au "mara ngapi?" hakutoshi. Muulize mtu: ukikiacha, kitakudai nini? Mwenye mazoea atasema atajisikia vibaya kidogo, kisha atasahau. Mwenye ugonjwa anadaiwa kitu kikubwa: mtu atakufa, nyumba itaungua, swala haitakubaliwa, au ile hali isiyoelezeka ya kwamba jambo halijakaa sawa itamkaba mpaka usiku. Na deni hilo lina riba. Jana kuhesabu mpaka nne kulitosha, leo mpaka nane, mwezi ujao haijulikani.

Hapa ndipo mila zetu pia zinapojitenga na ugonjwa. Bibi zetu walikataza kufagia usiku, kupiga mluzi gizani, kukaa kizingitini. Mtu anayeyashika hayo hana ugonjwa. Mwiko ni wa watu wengi, unajulikana, na una mwisho: kukicha unafagia. Tasbihi baada ya swala ina hesabu, rozari ina punje, ukifika mwisho umefika. Sheria ya wasiwasi ni ya mtu mmoja, imetungwa usiku mmoja wa hofu, na inabadilika kila anapoitii.

Mnakumbuka mwaka 2020, ndoo za maji tiririka kila mlango wa duka? Tulinawa wote, tukaogopa wote, na hatukuwa wagonjwa. Tuliambiwa sekunde 20, tukaridhika na 20. Zilipoondolewa zile ndoo, wengi wetu tulisahau hata kunawa kabla ya kula. Wako ambao kwao sekunde 20 hazikuwahi kutosha, wala kuondolewa kwa ndoo hakukuwaondolea kitu.

Watoto wadogo, wa miaka miwili mpaka minne au mitano, nao hudai mambo yawe vilevile: kikombe kilekile, hadithi ileile, mlango ufunguliwe na yeye. Hiyo ni hatua ya kukua. Na yupo bosi anayetaka kila faili likae pembe kwa pembe na kila barua iandikwe upya kwa koma moja. Huyo kwa kawaida anaona yuko sahihi na dunia ndiyo imekosea, wanaoteseka ni walio chini yake. Mwenye OCD mara nyingi anajua kabisa kwamba anachokifanya hakina maana. Analia akikifanya. Kujua hakumsaidii.

Mawazo yasiyotamkika

Sehemu ya ugonjwa huu inayofichwa kuliko zote haina maji wala kufuli. Ni mawazo.

Mwaka 1978, Stanley Rachman na Padmal de Silva, wakifanya kazi London, waliwauliza watu wasio wagonjwa kama huwa wanaingiwa na mawazo ya kuchukiza wasiyoyataka: kumsukuma mtu mbele ya treni, kumdhuru mtoto, kutamka tusi mahali patakatifu. Karibu watu 80 katika kila 100 walisema ndiyo. Wataalamu walipopewa mawazo ya wagonjwa na ya wasio wagonjwa bila kuambiwa yapi ni ya nani, walipata shida kuyatenganisha. Mwaka 2014 ukatoka utafiti mkubwa zaidi, wa wanafunzi 777 katika nchi 13, zikiwemo Sierra Leone, Iran na Uturuki. Kati ya kila 100, 94 walikuwa wamepatwa na angalau wazo moja la namna hiyo katika miezi mitatu iliyopita.

Kwa hiyo wazo baya si dalili ya mtu mbaya, wala si dalili ya ugonjwa. Akili ya binadamu hutupa taka kila siku. Tofauti inakuja katika sekunde inayofuata. Mmoja anasema "mh, akili nayo," anaendelea kumenya viazi. Mwingine anasimama: kwa nini mimi niwaze hili? Kama nimeliwaza, si ina maana ninaweza kulifanya? Na kama ninaweza, si ni wajibu wangu kuhakikisha silifanyi? Kuanzia hapo anajilinda yeye mwenyewe dhidi yake mwenyewe, mchana na usiku.

Rafiki yangu mmoja alikuwa na siku kumi na tatu tangu ajifungue. Alikuwa anakata kitunguu, mtoto amelala kwenye mkeka karibu na mlango wa jiko. Likaja wazo, maneno mawili tu: "Kisu hiki." Akakiweka chini kama kimemchoma. Jioni alimpa jirani visu vyote vya nyumba, akasingizia anaogopa wezi. Wiki ile walikula wali na dagaa wasiokatiwa kitu. Baadaye akaogopa kumwogesha mtoto peke yake, kwa sababu ya maji. Kisha akaogopa kubaki naye chumbani. Ndugu zake waliona mama mvivu asiyempenda mwanawe, na arobaini ilipokwisha walimsema mbele ya watu. Alinyamaza. Alikuwa na hakika kwamba akisema ukweli, mtoto atachukuliwa.

Alikuwa anampenda mtoto yule kuliko pumzi yake, na ndiyo sababu wazo lile lilimpata. Wasiwasi huu hushika pale penye thamani. Mcha Mungu unamtupia kufuru. Mpole unamtupia damu. Mwaminifu unamuuliza kama kweli anampenda mkewe. Utafiti mmoja wa Kanada uliohoji mama wachanga ulikuta karibu nusu yao wamewahi kupatwa na wazo la kumdhuru mtoto kwa makusudi, na walikuwa mama wa kawaida, wanaonyonyesha na kubembeleza. Rafiki yangu angejua hilo siku ya kumi na nne, asingeteseka miezi minane.

Lakini nieleze tofauti moja kwa uwazi, kwa sababu inahusu uhai. Mama mwenye wasiwasi huu analichukia wazo lake na analikimbia. Mama akianza kuamini kwamba mtoto si wake au ni jini, akisikia sauti zinazomwamuru, akikesha siku mfululizo bila kuhisi uchovu, akaona kumdhuru mtoto ni jambo sahihi, huo ni ugonjwa mwingine na ni dharura. Asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Katika Sahih Muslim imepokewa kwamba baadhi ya masahaba walimwendea Mtume wakamweleza kwamba wanayakuta nafsini mwao mambo makubwa mno kuyatamka. Akawauliza kama kweli wameyaona hayo. Wakasema ndiyo. Akawajibu kuwa hiyo ndiyo imani iliyo wazi. Nimewahi kumsomea hadithi hii kijana aliyekuwa anatubu mara hamsini kwa siku, nikaona mabega yake yakishuka. Hakuambiwa ayafukuze mawazo. Aliambiwa kwamba kule kuchukizwa kwake kunaonyesha moyo wake uko upande gani.

Wakristo nao wana mfano wao. Ignasi wa Loyola, ambaye baadaye alianzisha shirika la Wajesuiti, mwaka 1522 huko Hispania aliungama dhambi zake zote, kisha akiwa mji wa Manresa akaingiwa na shaka kwamba hakuzisema sawasawa, akaungama tena, na tena. Padri wake akamwambia asirudie dhambi za zamani isipokuwa zile zilizo wazi kabisa. Haikumsaidia: kwake zote zilikuwa wazi. Alifika mahali pa kuwaza kujiua. Aliponyanyuka ni pale alipoamua kutoziungama tena zile za zamani, hata moja, ingawa shaka ilikuwa bado ipo. Kwa Kilatini, shaka ya namna hii huitwa scrupulus, yaani kijiwe kidogo, kama kile kinachoingia kwenye kiatu.

Jiko la gesi

Kwa nini lakini kukagua hakumalizi shaka? Ukiona kufuli limefungwa, si umeona?

Mwaka 2003 watafiti wawili wa Uholanzi, Marcel van den Hout na Merel Kindt, walitengeneza jiko la gesi kwenye kompyuta. Watu wasio na ugonjwa wowote walitakiwa kuwasha, kuzima, na kukagua kama limezimika, tena na tena. Kundi jingine lilifanya hivyohivyo lakini kwa taa, na mwisho likakagua jiko mara moja. Kisha wote wakaulizwa kuhusu ukaguzi wao wa mwisho wa jiko. Waliokagua jiko mara nyingi walikumbuka sawa na wenzao. Ila hawakuwa tena na hakika. Kumbukumbu ilikuwa sahihi, lakini imepauka, haina rangi, haina sauti ya koki ikigeuka.

Hilo nililijaribu mwenyewe jikoni kwangu, na wewe unaweza. Zima gesi mara moja ukiwa makini: unakumbuka ubaridi wa koki, harufu kidogo, mlio. Ikague mara kumi na tano mfululizo. Ukifika chumbani unajiuliza kama unalokumbuka ni la sasa hivi au la mara ya nane. Kwa hiyo anayekagua ili apate hakika anaipoteza hakika kwa mkono wake. Anafanana na mtu anayefuta kioo kwa kitambaa chenye mafuta: kila akifuta anaona ukungu, na kwa sababu anaona ukungu anafuta.

Ndiyo maana mama mdogo aliungoja moyo bila kupata jibu. Jicho lilikuwa limeona maji kwenye kiwiko. Kilichokuwa hakifiki ni ile alama ya ndani inayosema jambo limekwisha. Madaktari wanajua kwamba kuna mzunguko wa mawasiliano kati ya sehemu ya mbele ya ubongo na sehemu zilizo ndani yake, na kwamba kwa wagonjwa hawa mzunguko huo hufanya kazi kupita kiasi. Mwaka 1992 watafiti wa Los Angeles waliwapiga wagonjwa picha za ubongo kabla na baada ya matibabu. Waliopata nafuu kwa dawa na waliopata nafuu kwa mazoezi bila dawa, wote walionyesha badiliko la aina moja katika sehemu hiyo ya ndani. Wanaomwambia mgonjwa "acha tu, ni akili yako" nawaomba wayafikirie matokeo hayo. Ni akili yake kweli, na ni kiungo cha mwili kama figo.

Familia huingia katika ugonjwa huu bila kujua, kwa mlango wa huruma. "Nimefunga mlango?" "Umefunga." "Una hakika?" "Nina hakika." Jibu la kwanza ni la kawaida. Jibu la ishirini ni kitendo cha ugonjwa kinachofanywa na mdomo wa mtu mwingine. Sisi nyumbani tulimjibu mama mdogo, tulimchotea maji zaidi, tulichelewesha chakula tukimngoja. Tulikuwa tunamhurumia, na kila siku tulikuwa tunaulisha ugonjwa.

Tiba

Tiba ipo, na ndilo jambo ninalotamani watu walijue kuliko yote. Mwaka 1966 Victor Meyer, mwanasaikolojia wa London, aliandika habari za wagonjwa wawili aliowasaidia kwa njia iliyoonekana ngumu: waligusishwa kile wanachokiogopa, kisha wakazuiwa wasifanye kitendo cha kujituliza. Njia hiyo ndiyo msingi wa mazoezi yanayotumika mpaka leo. Hayafanywi kwa mabavu. Mgonjwa na mtaalamu huandika orodha kuanzia hofu ndogo. Unafunga mlango mara moja, unaondoka bila kutingisha kufuli, unakwenda na shaka yako mpaka kituoni. Hofu inapanda, inakaa, na polepole inashuka yenyewe, bila kulipwa. Hata siku inapokawia kushuka, mtu anajifunza kwamba anaweza kuibeba akaendelea na safari. Kesho tena. Lengo si kupata hakika kwamba mlango umefungwa. Lengo ni kuweza kuishi bila hiyo hakika, kama fundi cherehani na sisi wengine tunavyoishi bila kujua.

Dawa zipo pia. Klomipramini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya ugonjwa huuhuu, na fluoksetini na ndugu zake hutumika sana, mara nyingi kwa dozi kubwa kuliko ya sonona. Zinahitaji wiki nane mpaka kumi na mbili kabla ya kuhukumiwa. Wengi huziacha wiki ya pili wakisema hazifanyi kazi. Zisinunuliwe dukani kwa kubahatisha. Daktari ndiye apange dozi na aifuatilie.

Kwa Tanzania pa kuanzia ni kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya rufaa iliyo karibu. Muhimbili ipo, Mirembe ya Dodoma ipo tangu enzi za mkoloni, Kidongo Chekundu ipo Zanzibar. Kenya wana Mathari, Uganda wana Butabika. Watu huyataja majina hayo kwa kunong'ona, nami sioni sababu: kwenda kliniki ya Mirembe hakumfanyi mtu kuwa kichaa, kama vile kwenda Ocean Road hakumpi mtu saratani.

Ukifika kwa daktari, usiseme "nina wasiwasi" ukanyamaza. Ataandika hofu, au presha, au atakwambia upumzike, maana neno hilo, kama tulivyoona, limebeba mizigo mingi. Sema: "Kuna mawazo yananirudia nisiyoyataka. Kuna vitendo nafanya ili yatulie, siwezi kuviacha. Vinanichukua saa kadhaa kwa siku." Kama wazo ni la aibu, huhitaji kulitamka siku ya kwanza, sema tu kwamba lipo na linakutisha.

Na mwenye kutaka kusomewa dua au kuombewa, aombewe. Nachoomba mimi ni viongozi wa dini waangalie kitu kimoja: mtu anayerudi kila siku kuuliza swali lilelile la twahara au la toba, akipewa jibu anatulia saa moja kisha anarudi, huyo hana upungufu wa elimu. Fatwa ya kumi haitamtosha kama ya tisa haikutosha. Mshike mkono umpeleke hospitali.

Mama mdogo alitibiwa akiwa na miaka 58. Daktari kijana alimpa dawa, kisha akafanya jambo ambalo bado linanigusa: alimwomba shehe wa mtaa wakae pamoja. Shehe akamkumbusha kwamba Mtume alitia udhu kwa kibaba kimoja cha maji, chini ya lita, na kwamba kanuni ya wanazuoni ni kuwa yakini haiondolewi na shaka. Wakakubaliana watu watatu. Likatafutwa kopo la plastiki, likapigwa alama kwa kalamu ya wino mzito mahali kibaba kinapofika. Bomba la uani likafungwa saa za swala. Kopo moja, mara moja, basi. Na sisi wa nyumbani tukaambiwa tusimjibu akiuliza.

Nilikuwepo siku ya tatu. Alinawa polepole, akiyabana maji kwa vidole yasipotee. Kopo liliisha akiwa kwenye mguu wa kushoto. Akasimama nalo mkononi, ule usimamaji wake ninaoujua tangu utotoni, kichwa kimeinama upande.

"Kisigino nakiona kikavu," alisema.

Hakuna aliyejibu. Bintiye aliangalia chini. Alisimama muda mrefu sana, mpaka nikasikia mwadhini wa msikiti wa pili anamaliza. Kisha akaliweka kopo juu ya karo, akaingia ndani huku miguu inadondosha maji sakafuni, na tukamsikia anakunjua msala.